Maziwa ya unga na vifaa vya kulelea watoto wa paka na wa mbwa waliopoteza mama: kipi kinastahili fedha yako

Anayeokota kichanga wa paka au wa mbwa asiye na mama huenda dukani akiwa na wazo moja kichwani, nalo ni maziwa. Duka humpokea kwa wazo hilohilo, kwa kuwa rafu ya vichanga huwa imejaa makopo ya maziwa, na pembeni yake kuna boksi dogo lenye chupa, chuchu kadhaa na brashi ya kusafishia. Mapitio haya yanahusu bidhaa hizo, pamoja na nyingine mbili ambazo mara nyingi hazipangwi kwenye rafu hiyo, yaani chanzo cha joto na mizani ya gramu. Nimezitumia zote kwa watoto wa paka na wa mbwa, na hukumu yangu ni kwamba maziwa ya kopo ni bidhaa nzuri inayostahili sifa zake, chupa na chuchu za kwenye boksi ni duni kuliko zinavyoonekana, na joto pamoja na mizani ndivyo vinavyoamua kama maziwa hayo yatamfaa kichanga au yatamdhuru. Ikiwa fedha haitoshi kununua kila kitu siku ya kwanza, ningeanza na joto.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kuhakikisha kwamba mama hayupo kweli. Paka jike huweza kuwaacha watoto wake kwa saa kadhaa akitafuta chakula au akiwahamisha mmoja mmoja, na vichanga walio safi, wenye joto, walioshiba na waliolala kimya kwa kawaida bado wana mama. Wakiwa wachafu, wamepoa na wanalia mfululizo, hapo subira haina nafasi. Vilevile, kama yupo jike mwingine anayenyonyesha watoto wa umri unaokaribiana na huo na yuko tayari kuwapokea, huyo ni bora kuliko bidhaa yoyote nitakayoitaja hapa, na daktari wa mifugo anaweza kusaidia kumtafuta.

Nianze na maziwa, kwa sababu ndiyo bidhaa inayolaumiwa na kusifiwa kuliko zote. Makopo yanayojulikana zaidi ni KMR kwa watoto wa paka na Esbilac kwa watoto wa mbwa, yote ya kampuni ya PetAg ya Marekani. Yapo pia Babycat Milk na Babydog Milk ya Royal Canin ya Ufaransa, na Lactol ya Beaphar ya Uholanzi. Hoja ya kuyanunua badala ya kumpa kichanga maziwa ya ng'ombe ni ya hesabu tupu. Maziwa ya ng'ombe yana protini takriban asilimia 3.3 na mafuta asilimia 3.5 hadi 4, ilhali maziwa ya mbwa yana protini takriban asilimia 7 hadi 8 na mafuta asilimia 9 au zaidi, na ya paka nayo yana protini karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe. Kichanga anayenyweshwa maziwa ya ng'ombe hulazimika kunywa kiasi kikubwa mno ili apate nguvu anayoihitaji, na katika kiasi hicho humeza laktosi, yaani sukari ya maziwa, nyingi ambayo utumbo wake hauwezi kuimudu. Matokeo yake ni kuharisha, na kwa kiumbe cha gramu 100 kuharisha kwa siku moja kunatosha kumkausha maji mwilini. Maziwa ya makopo yametengenezwa kuziba pengo hilo, na kwa kazi hiyo nayasifu bila kusita.

Jambo moja katika ununuzi wa maziwa ambalo halipaswi kupuuzwa ni kutenganisha kopo la paka na kopo la mbwa. Paka hawezi kutengeneza taurini, kirutubisho cha jamii ya asidi amino, ya kutosha mwilini mwake, tofauti na mbwa wengi, na hivyo ni lazima aipate kwenye chakula. Tafiti zilizochapishwa mwaka 1975 zilionyesha kwamba upungufu wake huharibu retina ya jicho la paka, na nyingine za mwaka 1987 zikaonyesha kwamba hudhoofisha misuli ya moyo. Maziwa ya watoto wa paka huongezewa taurini kwa makusudi, lakini ya watoto wa mbwa si lazima yawe nayo kwa kiwango kinachomtosha paka. Kopo la mbwa linaweza kumvusha mtoto wa paka usiku mmoja dukani kukiwa kumefungwa, ila halifai kuwa chakula chake cha wiki nzima.

Kati ya maziwa ya unga na yale ya maji yaliyo tayari kunywewa, napendelea ya unga. Ya maji yana faida ya kutokukosea vipimo, lakini kopo likishafunguliwa huharibika ndani ya siku chache hata likiwa kwenye jokofu, na mwenye kichanga mmoja atajikuta akimwaga zaidi ya anachotumia. Unga hukaa vizuri zaidi, mradi ufunikwe barabara na uwekwe mahali pa baridi baada ya kufunguliwa. Kasoro ya unga ni kwamba ubora wake unategemea mkono wa anayeuchanganya. KMR na Esbilac huchanganywa kwa kipimo kimoja cha unga kwa vipimo viwili vya maji, lakini maziwa ya kampuni nyingine yana uwiano wake, kwa hiyo kuhamisha vipimo vya kopo moja kwenda kopo jingine ni hatari. Kijiko kilichoshindiliwa unga hubeba zaidi ya kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, na tofauti hiyo ndogo hutosha kuyafanya maziwa yawe mazito kupita kiasi, ambayo humvimbisha kichanga tumbo na kumtapisha. Yakiwa mepesi mno, nayo hujaza tumbo bila kuujenga mwili, na kichanga hulia njaa muda mfupi baada ya kunyonya.

Unga wa aina hii hushika mabonge, na mabonge huziba chuchu katikati ya mlo. Njia iliyonifaa ni kuukoroga kwanza kwa maji kidogo ya uvuguvugu mpaka uwe laini, kisha kuongeza maji yaliyobaki na kuchanganya taratibu, badala ya kutikisa chupa kwa nguvu. Kutikisa huleta povu, na povu ni hewa inayoingia tumboni na kumfanya kichanga ajione ameshiba huku akiwa hajala. Maziwa yaliyochanganywa hukaa kwenye jokofu kwa saa 24, na baada ya hapo humwagwa hata kama yananukia vizuri. Kuyapasha moto kunafanyika vyema kwa kuiweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto hadi maziwa yafikie nyuzi joto 38 hivi za Selsiasi, kiwango ambacho kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono huhisiwa kama uvuguvugu tu. Maikrowevu hupasha sehemu moja zaidi ya nyingine, kwa hiyo tone ulilolijaribu mkononi linaweza kuwa la uvuguvugu huku lililo katikati ya chupa likiunguza mdomo.

Kuna kitu ambacho hakuna kopo linaloweza kukitoa, nacho ni dang'a. Maziwa ya kwanza ya mama hubeba kingamwili ambazo utumbo wa kichanga unaweza kuzipitisha hadi kwenye damu katika siku ya kwanza ya maisha tu, na kwa mtoto wa paka mlango huo hufungwa baada ya saa 16 hivi. Kichanga aliyenyonya kwa mama hata siku moja kabla ya kumpoteza ana bahati kubwa kuliko yule ambaye hakunyonya kabisa. Huyo wa pili anahitaji kupelekwa kwa daktari wa mifugo mapema, kwa kuwa daktari anaweza kumchoma seramu iliyotokana na damu ya mnyama mzima mwenye afya na aliyechanjwa. Mnunuzi asitegemee maziwa ya kopo yafanye kazi hiyo, wala asipunguze usafi wa mikono, nguo na vyombo kwa kuamini kwamba ameshanunua kinga.

Sasa nifike kwenye joto, ambalo naona ndilo linalopaswa kuwekwa mbele ya rafu. Katika wiki ya kwanza, joto la mwili la kichanga huwa kati ya nyuzi 35 na 37, chini ya la mnyama mzima, na hana uwezo wa kulihifadhi mwenyewe. Hajui kutetemeka ili ajipashe moto, mafuta yake chini ya ngozi ni kidogo, na eneo la ngozi yake ni kubwa kulinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto humtoka upesi. Akishuka chini ya nyuzi 34 au 35, utumbo wake huacha kusukuma chakula. Maziwa yakiingia wakati huo hukaa tumboni bila kusagwa, huchacha, hurudi juu, na kutoka hapo ni rahisi sana kuingia kwenye mapafu. Hivi ndivyo vichanga wengi wanavyokufa mikononi mwa watu wenye huruma ya kweli: wanalishwa kwa haraka wakiwa bado wa baridi, kwa sababu kilio chao kilidhaniwa kuwa cha njaa.

Kwa sababu hiyo kila kichanga aliyeokotwa anapaswa kupashwa joto kwanza na kulishwa baadaye. Kidole kikiingizwa mdomoni mwake na kukuta ubaridi, maziwa yasubiri. Kupasha huku kufanyike taratibu, kwa muda wa saa moja hadi tatu, kwa sababu joto la ghafla hufungua mishipa ya ngozi wakati moyo haujawa na nguvu ya kusukuma damu ya kutosha. Kumweka kwenye ngozi ya mlezi, chini ya nguo, ni njia ya bure na salama ya kuanzia, wakati vifaa vinapoandaliwa.

Katika vifaa vyenyewe kuna tofauti kubwa. Mkeka wa umeme uliotengenezwa mahususi kwa wanyama, wenye kidhibiti joto na waya uliofunikwa, ndio ninaoupa alama za juu, kwa kuwa hutoa joto la wastani usiku kucha bila kusimamiwa. Mkeka wa umeme wa binadamu, unaotumiwa kwa maumivu ya mgongo, ni bidhaa tofauti ingawa kwa sura vinafanana. Kwanza huwa moto kupita kiasi kwa kiumbe asiyeweza kujigeuza, na pili mingi hujizima yenyewe baada ya muda. Mmoja nilioununua, wa kampuni nisiyoitaja, ulikuwa na swichi hiyo ya kujizima na haikuwezekana kuiondoa, na vichanga waliokuwa juu yake walikutwa wamepoa alfajiri ingawa taa yake ilikuwa imewashwa nilipolala. Kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo swichi hiyo ni kinga, ila kwa kazi hii bidhaa nzima inakuwa haifai.

Diski ya kupashwa kwenye maikrowevu, kama ile iitwayo SnuggleSafe, inasaidia pale ambapo umeme hukatika au wakati wa safari ya kwenda kwa daktari, kwa sababu hutunza joto kwa saa nyingi bila waya. Ni lazima ifunikwe kwa kitambaa na muda wa kupasha uliotajwa kwenye maelekezo ufuatwe bila kuongezwa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo hufanya kazi ileile kwa muda mfupi zaidi, na ina kasoro ya kugeuka kuwa kitu cha baridi kinachonyonya joto la kichanga mara maji yanapopoa. Taa ya joto siipendekezi kwa nyumba ya kawaida: hukausha hewa na ngozi, huunguza ikining'inizwa chini mno, na ikiangushwa inaweza kuwasha moto.

Chochote utakachochagua, kisijaze boksi lote. Joto liwe upande mmoja tu, chini ya tabaka la blanketi, ili kichanga aweze kutambaa kuelekea upande wenye ubaridi anapozidiwa. Vichanga waliorundikana kwa kubanana wanasikia baridi, waliotawanyika wakihema mdomo wazi wamezidiwa na joto, na waliolala kando kwa kando kwa utulivu wako sawa. Kipimajoto cha bei ndogo ndani ya boksi kinathibitisha hilo: nyuzi 29 hadi 32 katika wiki ya kwanza, kisha kupunguza kidogo kidogo mpaka karibu nyuzi 24 wanapofikisha wiki nne. Hewa kavu nayo huwaumiza, hivyo kitambaa chenye unyevu kikitundikwa karibu na boksi, mbali na vichanga wenyewe, husaidia.

Mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja ndiyo bidhaa yenye manufaa makubwa kuliko zote kwa fedha inayotolewa, na inashangaza kwamba seti za kulelea vichanga mara nyingi huja bila mizani. Macho hayawezi kutambua kwamba kichanga amepungua gramu nne, lakini mizani hutambua, na upungufu huo mara nyingi ndio dalili ya kwanza ya ugonjwa, kabla ya kuharisha, kabla ya kukataa chuchu. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na gramu 100 hivi na anapaswa kuongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Kwa mtoto wa mbwa hakuna takwimu moja, kwa kuwa aina za mbwa hutofautiana mno, ila kipimo kinachotumika ni ongezeko la asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa kuzaliwa kwa siku, na kuwa na uzito maradufu ifikapo siku ya 10 hadi ya 14. Asiyeongezeka kwa siku nzima anahitaji kuangaliwa kwa makini, na anayepungua anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Mizani pia ndiyo inayojibu swali la kiasi cha maziwa, swali ambalo lebo ya kopo, hata iliyoandikwa vizuri, haiwezi kulijibu kwa kichanga aliye mbele yako. Tumbo la kichanga hubeba bila taabu mililita 4 hivi kwa kila gramu 100 za uzito wake, na mahitaji yake ya nguvu ni takriban kilokalori 20 au zaidi kidogo kwa kila gramu 100 kwa siku. Mtoto wa paka wa gramu 120 basi anamudu karibu mililita 5 kwa mlo mmoja, na ili kupata anachohitaji ndani ya saa 24 inambidi ale angalau mara sita hadi nane. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini wiki ya kwanza hulishwa kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana, na kwa nini haiwezekani kufidia mlo uliopitwa kwa kuongeza maziwa kwenye mlo unaofuata. Wiki ya pili nafasi huongezeka hadi saa tatu au nne, na wiki ya tatu saa nne au tano. Katika kununua mizani, chagua yenye kitufe cha kurudisha sifuri ili uweze kuweka bakuli na kitambaa kwanza, na upime kila siku saa ileile kabla ya mlo. Vichanga wanaofanana watofautishwe kwa alama ndogo ya rangi kwenye manyoya, kamwe si kwa uzi wa shingoni, kwa kuwa wanakua haraka na uzi haukui.

Boksi la chupa na chuchu ndilo lililonivunja moyo zaidi, na nimetumia zaidi ya la kampuni moja. Chupa yenyewe hubeba mililita 60 au zaidi, jambo linalofaa kwa mtoto wa mbwa mkubwa, lakini kwa mtoto wa paka anayekunywa mililita 5 mistari ya vipimo ni mipana mno kusoma kilichoingia. Katika seti mojawapo mistari hiyo ilifutika baada ya kuoshwa kwa maji ya moto, jambo ambalo chupa yoyote ya vichanga inapaswa kulistahimili. Nimezoea kupima maziwa kwa bomba la sindano kwanza kisha kuyamimina kwenye chupa, lakini mnunuzi ana haki ya kutarajia chupa inayopima yenyewe.

Chuchu huja bila tundu, kwa makusudi, na mnunuzi ndiye anayelitoboa. Maelekezo ya jambo hili kwenye boksi huwa mafupi mno kwa kazi yenye hatari namna hii. Sindano iliyopashwa moto hutoa tundu safi kuliko mkasi. Chupa ikipinduliwa, maziwa yadondoke tone moja moja bila kuminywa. Yakitiririka, chuchu hiyo itupwe, kwa sababu kichanga atapaliwa, na maziwa yaliyoingia kwenye mapafu huleta nimonia inayoua ndani ya muda mfupi. Tundu likiwa dogo mno, atanyonya hewa na kuchoka kabla ya kushiba. Chuchu ngumu na pana zilizomo kwenye seti nyingi hazimwingii vizuri mdomoni mtoto wa paka wa wiki ya kwanza, na anapofikisha wiki tatu meno yanapoanza kuchomoza huzitafuna, kwa hiyo zikaguliwe kila mlo na kutupwa mara zinapoonyesha mpasuko.

Badala yake napendekeza bomba la sindano la mililita 3 au 5, lisilo na sindano, likipachikwa chuchu ndogo ya silikoni yenye umbo la ile ya mama. Linapima kwa usahihi, linaoshwa kwa urahisi, na mlezi anaona kichanga anavuta kwa kasi gani. Sharti lake ni kwamba kichanga avute mwenyewe, na kidole kifuate mvuto wake bila kuutangulia. Anayesukuma maziwa kwa bomba anaweza kumpalia kichanga upesi kuliko kwa chupa. Mabomba ya kawaida yenye mpira mweusi huanza kukwama baada ya kuoshwa mara kadhaa, na kukwama huko ni hatari kwa kuwa bomba lililokwama huachia kwa ghafla, hivyo yanunuliwe mengi na kubadilishwa mara kwa mara.

Mkao wakati wa kulisha ni uleule kwa kifaa chochote: kichanga alale kifudifudi, kichwa kikiinuka kidogo, kama anavyolala tumboni pa mama. Kumlaza chali kama mtoto wa binadamu ni kumwelekezea maziwa kwenye njia ya hewa. Maziwa yakitokea puani, mlo usimame papo hapo na kichwa kiinamishwe chini mpaka pua iwe safi. Baada ya mlo, mgongo ukisuguliwa taratibu atacheua, na kwa kuwa vichanga wa umri huu hawawezi kujisaidia wenyewe hadi wafikishe wiki tatu hivi, pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu ipitishwe kwa wepesi chini ya mkia mpaka mkojo utoke. Pamba hiyo haimo kwenye seti yoyote niliyonunua, ingawa ni muhimu kama chuchu yenyewe. Mkojo wenye rangi iliyokolea ni ishara ya ukosefu wa maji, na ishara hii ni ya kuaminika kuliko kuvuta ngozi ya shingo, kipimo kinachofaa kwa wanyama wakubwa lakini kinachodanganya kwa vichanga.

Mipira ya kulishia moja kwa moja tumboni nayo huuzwa. Mikononi mwa daktari au mlezi aliyefundishwa ni kifaa kinachookoa maisha ya kichanga asiye na nguvu ya kunyonya. Hata hivyo, vichanga wa siku za mwanzo hawana bado uwezo wa kukirudisha kitu kilichopita njia mbaya kooni, kwa hiyo mpira unaweza kuingia kwenye bomba la hewa bila kikohozi chochote cha kuonya. Bidhaa hii isinunuliwe kabla ya kufundishwa ana kwa ana, mpira ukipimwa kwa mkono wa anayejua kutoka puani hadi ubavu wa mwisho.

Kuhusu vitu vingine vya rafuni nitasema kwa ufupi. Mwanasesere wenye mapigo ya moyo humtuliza kichanga aliye peke yake, ila haumpi kitu ambacho kichanga mwenzake hawezi kumpa. Dawa za viroboto zenye pamethrini ni sumu kwa paka wa umri wowote, na kwa kichanga mwenye viroboto kitana chenye meno membamba pamoja na kuoshwa haraka kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kabisa ndiyo njia salama. Dawa ya minyoo huanza mapema, kwa watoto wa mbwa tangu wiki ya pili, lakini kipimo chake hutegemea uzito na kinapaswa kutoka kwa daktari.

Ununuzi wa maziwa hupungua kuanzia wiki ya nne, kichanga anapoanza kulamba chakula laini kilichochanganywa na maziwa yaleyale kwenye sahani ya chini. Usikatishe maziwa kwa siku moja, kwa kuwa wapo wanaoelewa sahani upesi na wapo wanaoitembelea kwa miguu yote minne kwa siku kadhaa kabla ya kuionja. Kwa sababu hiyo, kopo la mwisho liwe dogo. Unga uliobaki kwenye kopo lililofunguliwa huandikwa tarehe ya kufunguliwa na kuwekwa kwenye jokofu, na muda ulioandikwa kwenye lebo ukipita, utupwe. Mizani ibaki mezani kwa wiki kadhaa zaidi, kwa kuwa siku za kubadilisha chakula ndizo ambazo uzito husimama kwa urahisi, na kichanga anayesimama siku mbili mfululizo arudishiwe chupa.